Kiingereza cha London, cha New York au cha Sydney: uchague kipi?

Mwaka fulani mteja wa Marekani alinitumia hati ya kurasa arobaini nimtafsirie. Tarehe ya kukabidhi ilikuwa imeandikwa 06/05. Nikahesabu siku, zikawa nne. Nikafunga mlango, nikazima simu, nikanywa kahawa kama mzee wa barazani, na alfajiri ya tarehe 6 Mei nikaituma kazi macho yakiwa mekundu. Usiku likaja jibu la furaha: hawajawahi kupata mfasiri mwepesi namna hii, maana wao walikuwa wanaitegemea tarehe 5 Juni. Mmarekani huanza na mwezi, ndipo aje kwenye siku. Sikusema kitu. Sifa nilizipokea, usingizi haukurudi.

Tangu hapo, mtu akiniuliza ajifunze Kiingereza kipi, simjibu kabla sijajua anakwenda wapi na nani atasoma anachoandika. Wapo wanaosema Kiingereza ni kimoja. Hao hawajawahi kuketi kwenye chumba cha mtihani Marekani wakamwinamia jirani kumwomba "rubber". Kwetu, kama Uingereza, hicho ni kifutio. Kule ni kondomu.

Nitalinganisha vitatu: cha Uingereza, cha Marekani na cha Australia, kwa sababu ndiko wanakoelekea wengi wanaoniletea vyeti vyao. Kanada nitaigusa, Afrika Kusini nitaichungulia tu.

Gereji ilishatuchagulia

Kabla hujachagua, ujue umeshachaguliwa. Ingia gereji yoyote pale Ilala, umsikilize fundi anavyomtuma kijana wake: fungua boneti, toa spana kwenye buti, lete tochi, hebu angalia madigadi ya kushoto. Hakuna hata neno moja la mkopo hapo lililotoka kwa Mmarekani. Hata kiplefti, ambacho Mtanzania anakiona ni Kiswahili cha kuzaliwa, ni kibao cha Mwingereza kilichoandikwa "Keep Left". Neno hilo lisingezaliwa Marekani. Kule wanaendesha upande wa kulia, na yeyote angetii kibao hicho angekutana na lori uso kwa uso.

| Sisi | Uingereza | Marekani | Australia |
|---|---|---|---|
| spana | spanner | wrench | spanner |
| boneti | bonnet | hood | bonnet |
| buti ya gari | boot | trunk | boot |
| tochi | torch | flashlight | torch |
| lifti | lift | elevator | lift |
| petroli | petrol | gas | petrol |
| lori | lorry | truck | truck |
| vesti | vest | undershirt | singlet |
| ndala | flip-flops | flip-flops | thongs |

Ukiitazama safu ya Australia utaona wamekaa na Mwingereza muda wote, mpaka walipofika kwenye lori ndipo wakamtoroka. Pikapu kule inaitwa "ute". Pikapu yetu sisi ni ya Kimarekani, moja kati ya chache zilizopenya. Afrika Kusini wanaiita "bakkie", na taa za kuongozea magari wanaziita "robot", kwa hiyo ukielekezwa ukate kushoto kwenye roboti ya pili usianze kutafuta mtu wa chuma.

Ghorofa nazo tumezihesabu Kiingereza. Tukisema ghorofa ya kwanza tunamaanisha umeshapanda ngazi. Mmarekani "first floor" yake iko chini, pale pale unapoingilia. Ukipangiwa chumba ghorofa ya tatu New York, punguza ngazi za seti moja. Ukitoka huko ukaenda Sydney, zirudishe, hasa kama lifti ni mbovu na begi lina unga wa ugali.

Maneno ya aibu

Hapa ndipo watu wanapoumbuka, na ndipo ninapowakalisha chini wanaosafiri.

"Pants" kwa Mmarekani ni suruali, nguo ya heshima kabisa. Kwa Mwingereza ni chupi. Ukimwambia bosi wako wa London kwamba umechelewa kwa sababu "pants" zako zimelowa mvua, atakuhurumia kuliko ulivyotaka. "Vest" nayo imegeuka: kwetu na kwa Mwingereza ni vesti, ile ya ndani ya shati. Kwa Mmarekani ni kizibao cha suti, kwa hiyo mwaliko wa harusi unaomtaka bwana avae "vest" haumtaki aje kama anayechota maji asubuhi.

Sasa ule mstari wa mwisho wa jedwali. Mwaustralia akikwambia vua "thongs" zako mlangoni, anataka uvue ndala. London na New York neno hilo hilo ni chupi ya kamba. Na Mmarekani anayeshangilia timu husema ana-"root for" timu hiyo. Akifika Australia afadhali anyamaze, kwa sababu kule kitenzi hicho ni tusi la chumbani. Mfasiri mwenzangu alilisema mbele ya meza nzima ya chakula cha jioni, akaona vijiko vimesimama hewani.

Lakini neno ninaloliogopa zaidi halina aibu ndani yake, lina ajali. "Pavement" kwa Mwingereza ni njia ya waenda kwa miguu kando ya barabara. Kwa Mmarekani ni lami yenyewe, pale yanapopita magari. Mfundishe mtoto wako kutembea kwenye "pavement", halafu uhamie Marekani, uone.

Kalamu na tahajia

Wengi wetu tumekuzwa tukiamini Kiingereza cha Mwingereza ndicho halisi na cha Mmarekani ni kilichochakachuliwa. Si kweli moja kwa moja. "Gotten", ambayo Waingereza huicheka, ilitoka kwao wenyewe. Waliiacha, Wamarekani wakaitunza. Hata "soccer" si ya Marekani. Ni lugha ya mitaani ya wanafunzi wa Oxford wa karne ya 19, walioikata "association" ya jina la mchezo huo na kuibandika mkia. Leo Mwingereza akisikia "soccer" hukunja uso, amesahau kwamba mtoto ni wake. Waaustralia ndio wamechanganyikiwa zaidi: Melbourne ukisema "football" watakuletea mchezo wa mpira wa yai kwenye uwanja wenye umbo la yai vilevile, Sydney watakuletea raga, na timu ya taifa ya mpira wetu huu wanaiita Socceroos ili pasiwe na ugomvi.

Tahajia, kwa upande mwingine, ilibadilishwa makusudi. Noah Webster alikuwa mwalimu, akatoa kitabu chake cha tahajia mwaka 1783 na kamusi yake kubwa mwaka 1828. Aliona taifa lililojitoa mikononi mwa mfalme haliwezi kuendelea kuandika kwa mkono wa mfalme. Akaing'oa "u" kwenye "colour", akaigeuza "centre" ikawa "center". Alitaka pia "tongue" iandikwe "tung" na "women" iandikwe "wimmen", lakini hapo hata Wamarekani walimkatalia. Mimi niliyezoea kuandika ninachokisikia ningempigia kura.

Australia huandika "labour" yenye "u", ila chama chao kikubwa kinaitwa Labor, bila "u", tangu mwaka 1912. Kanada huandika "colour" na "centre" kama London, huku tairi likiwa "tire" kama New York. Wanaendesha kulia, wananunua "gas" kwa lita, na herufi ya mwisho wanaiita "zed". Mtu wa Kanada ni kama mtoto wa wazazi walioachana, ana nguo kwenye nyumba zote mbili.

Kosa letu sisi halikai kwenye kuchagua vibaya, bali kwenye kutochagua. Mkono tumefundishwa na Mwingereza shuleni, masikio tumefundishwa na Mmarekani sebuleni. Matokeo yake barua moja ina "colour" mstari wa kwanza na "center" mstari wa pili. Mtihani wa IELTS, ule wa kupima Kiingereza cha wanaotaka kusoma au kuhamia nje, unapokea tahajia ya Uingereza na ya Marekani pia, mradi usiruke ruke kutoka moja kwenda nyingine. Nimesahihisha barua za maombi zilizoandikwa na watu wenye shahada mbili, na kasoro iliyonipa kazi kuliko zote ilikuwa hiyo.

Karatasi yenyewe nayo ina uraia. Sisi, Waingereza na Waaustralia tunatumia A4, milimita 210 kwa 297. Marekani wanatumia Letter, 216 kwa 279, pana kidogo na fupi. Ukituma CV iliyopangwa vizuri kwenye A4, mashine ya kule inaweza kukata mistari ya chini, yaani pale ulipoandika wadhamini wako.

Habari gani, na maana yake

Msamiati unaweza kuukariri kwa wiki. Tabia ni kazi ya miaka.

Anza na salamu. Sisi tukisema habari za nyumbani tunatarajia angalau dakika mbili. Mmarekani akikuuliza "How are you?" hasimami, jibu lake ni "good", nawe unamrudishia swali akiwa ameshakupita. Mwingereza anauliza "You all right?", ambayo mgeni kutoka Marekani anaidhania ni wasiwasi, kana kwamba uso wake umeonyesha maradhi. Ni "mambo" ile ile, jibu lake "poa". Na Mwaustralia anauliza "How are you going?", nawe kama ni mgeni unajibu: kwa basi.

Kwenye kusifia na kulalamika ndiko tofauti zinakouma. Mwingereza ana mafumbo kama mtu wa Pwani. Akisema kazi yako ni "quite good", amesema inapita, si mbaya sana. Mmarekani akiitamka hiyo hiyo, amekusifu. Mwingereza akisema wazo lako "is interesting" na kwamba "atalikumbuka", ni njoo kesho ya ofisini, unajua kabisa kesho hiyo haina tarehe. Aliyekulia Mombasa au Tanga, aliyezoea kusomewa kanga badala ya kuambiwa usoni, hatapata shida. Mmarekani ndiye anayepata shida.

Na si mzaha tu. Aprili 1951, katika vita vya Korea, kikosi cha Waingereza cha Gloucestershire kilikuwa kimezungukwa na majeshi ya China kando ya Mto Imjin. Kisa kinachosimuliwa sana ni kwamba Brigedia Tom Brodie alipoulizwa hali na jenerali wa Kimarekani aliyekuwa juu yake, alisema mambo yanaanza kunata, "a bit sticky". Kwa sikio la Mwingereza hiyo ilikuwa na maana kwamba tunakwisha. Mmarekani akaelewa kwamba ni shida ndogo, wanavumilia. Zaidi ya askari 500 wa kikosi hicho walitekwa. Katika vita vilivyotangulia, Vita vya Pili vya Dunia, Churchill anaandika katika kumbukumbu zake, wakuu wa majeshi ya pande mbili walibishana muda mrefu kuhusu ku-"table" hati moja. Kwa Waingereza kitenzi hicho ni kuileta mezani ijadiliwe sasa, kwa Wamarekani ni kuiweka kando. Wote walikuwa wanataka kitu kimoja.

Mmarekani yeye hukosea upande wa pili, anazidisha. Kila kitu ni "awesome", mpaka ukikutana na kitu cha kutisha kweli hana neno lililobaki. Akikwambia "tutafutane siku moja tule pamoja", usianze kununua zawadi. Ni karibu ya mlangoni, ile ambayo aliyeitamka ameshika kitasa. Ila kwenye kazi anakutaka uzidishe pia. Barua ya maombi ya kwake inataka useme uliongoza, uliokoa, uliongeza. Mswahili aliyelelewa kwamba kujisifu ni ushamba anaandika "nilishiriki", na nafasi inakwenda kwa mwingine.

Australia ni kinyume chake. Mtu anayejikweza kule anafananishwa na ua lililozidi wenzake kimo, nao wenzake huwa na mkasi. Mkubwa wa idara anaitwa kwa jina lake la kwanza, profesa vilevile. Abiria aliye peke yake kwenye teksi mara nyingi hukaa kiti cha mbele, asionekane amemfanya dereva mtumishi. Kwa mtu wa shikamoo, kumwita mzee wa miaka sabini "mate" ni mtihani mzito kuliko IELTS. Lakini kuna sehemu tunayowashinda Waingereza na Wamarekani katika kuwaelewa Waaustralia, nayo ni utani. Mwaustralia anayekupenda anakuchamba. Ukikaa kimya anadhani umechukia, ukimrudishia amefurahi. Mchaga na Mpare hawahitaji darasa la hilo.

Maneno yao pia huyakata kama wanaoharakisha basi: mchana ni "arvo", kituo cha mafuta "servo", kifungua kinywa "brekkie", fundi "tradie". Usiyatumie wiki ya kwanza. Mgeni anayeanza na "arvo" anasikika kama Mzungu anayeanza na "mambo vipi, mshikaji".

Mezani na mfukoni, kwa haraka

Chipsi ni urithi mwingine wa Mwingereza. Marekani ukiomba "chips" utapewa zile kavu za pakiti, baridi, zinazolia mdomoni; chipsi mayai haitengenezeki kwa hizo. Sema "fries". Australia zote mbili ni "chips", ndiyo maana wanasema "hot chips" wakitaka za kukaangwa. Pilipili hoho ni "pepper" London, "bell pepper" Marekani, "capsicum" Australia.

Bei iliyoandikwa dukani London na Sydney ndiyo unayolipa, kodi imo. Marekani sehemu nyingi kodi inaongezwa ukifika kwa mhasibu, na kila jimbo lina yake, kwa hiyo kushika dola 10 kamili kwa kitu cha dola 10 ni kujiandaa kuaibika. Halafu kuna bahashishi. Sheria ya shirikisho ya kule inaruhusu mhudumu anayepokea bahashishi alipwe dola 2.13 kwa saa na mwajiri, kiwango kisichosogea tangu mwaka 1991, ingawa majimbo mengi yamekipandisha. Anayekuletea sahani anaishi kwa asilimia 15 hadi 20 utakayomwachia. Australia usipoacha kitu hakuna atakayekukodolea macho. London tazama risiti kwanza, mara nyingi wameshaiweka wenyewe.

Joto: utabiri ukisema Chicago kesho ni 30 na ni Januari, usitoke na shati. Ni Farenhaiti, maji yanaganda. Na Mwingereza mwenyewe bado anapima mwili wake kwa "stone", kilo 6.35 kila moja.

Kwa hiyo

Kama unaandika kwa ajili ya shule, mahakama au ofisi za hapa Afrika Mashariki, kaa na cha Mwingereza. Umeshakuwa nacho nusu, na fundi wako wa gari ni shahidi. Anayekwenda Australia naye aandike hicho hicho, ila nguvu zake azipeleke kwenye kusikiliza: atafute redio za kule kwenye intaneti, azisikilize akipika, mpaka "arvo" imwingie bila kutafsiriwa.

Cha Marekani kichague pale tu anayekulipa yuko Marekani. Na hapo chagua kikamilifu: tahajia, karatasi, mwezi kabla ya siku, na ujasiri wa kusema "niliongoza". Nusu Marekani ni mbaya kuliko Uingereza nzima. Ukiwa na wateja wa pande zote, kama mimi, tarehe andika mwezi kwa herufi. Tarehe 6 Mei haina mtu wa kuigeuza.

Kanada andika kama Mwingereza, ongea kama Mmarekani, na tairi uliza kabla hujaliandika.

Jambo moja zaidi kwa wa Australia, kwa sababu hili halimo kwenye kamusi. Kijana mmoja niliyemtafsiria vyeti vyake alialikwa kwenye sherehe ya jirani huko Perth, ujumbe ukisema "bring a plate". Akahisi wenyeji hawana vyombo vya kutosha, akaona ni jambo la kawaida, hata kwetu shughuli ikiwa kubwa watu huazima. Akafika na sahani moja, safi, ameifunga kwenye taulo la jikoni. Walimaanisha aje na chakula ndani yake. Alinipigia kunisimulia, na kitu alichotaka kujua kwangu ni kama pilau la watu kumi na tano linaingia kwenye sufuria aliyonayo.